Kichwa nacho kina dozi yake: namna ya kujitunza akili ukiwa mtu mzima mwenye CF

Hii naiandikia wale wachache wetu, manake najua tupo, Waswahili wenye sistiki faibrosisi (CF), ule ugonjwa wa kurithi unaojaza makohozi mazito mapafuni na kuziba kongosho, tuliofika utu uzima ambao hakuna aliyetupangia. Mimi nimezaliwa Mombasa, utotoni nikatibiwa pumu, nikatibiwa kifua kikuu ambacho sikuwa nacho, na nyanyangu kila akinibusu anasema mtoto huyu ana chumvi kama ng'onda. Kumbe nyanya ndo alikua daktari kuliko wote, kipimo chenyewe cha CF ni kupima chumvi kwenye jasho, nami nilikuja kupimwa hilo jasho nikiwa na miaka 12 baada ya kuhamia Uingereza. Jeni zangu moja ni F508del, ile ya Wazungu wengi, nyengine ni S549R ambayo wanaiona sana kwa wagonjwa wa Omani na Imarati. Ukijua ukoo wetu ulitoka wapi hushangai.

Sai nina 36. Mambo ya mapafu na kongosho utaelezwa kliniki mpaka uchoke, hapa nataka tuongee kichwa, na nataka niongee kwa vitendo, ufanye nini Jumatatu na useme nini kwa nani, sio zile za "kuwa na moyo".

Kabla ya yote jua hauko peke yako na sio udhaifu wa imani. Utafiti mkubwa wa nchi 9 uliotoka 2014, wagonjwa zaidi ya 6,000, ulikuta kwa watu wazima wenye CF 19 kwa mia wana dalili za sonona na 32 kwa mia wana wasiwasi uliopita kiasi, hiyo ni mara mbili tatu ya watu wengine. Na wazazi ndo balaa, kina mama wenye watoto wa CF karibu nusu yao walikua na huo wasiwasi. Mamangu ananipigia simu mara nne kwa siku kuuliza nimekula nini, niliposoma ile namba nikaacha kumkatia.

ANZA KWA KUDAI ILE KARATASI

Tangu 2016 mwongozo wa madaktari wa CF wa Ulaya na Marekani unasema kila mgonjwa kuanzia miaka 12 aulizwe hali ya akili angalau mara moja kwa mwaka, kwa fomu mbili fupi, PHQ-9 ya sonona na GAD-7 ya wasiwasi. Kwa hiyo ukienda kwenye ile kliniki kubwa ya mwaka na hakuna aliyekupa, uliza, sema tu "fomu zangu za akili ziko wapi mwaka huu", hauombi hisani.

Fomu zenyewe ni rahisi. Wanakuuliza wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo, umelala vipi, umejiona hufai, kila swali unajibu kuanzia sifuri mpaka 3, sifuri haikunipata, 3 karibu kila siku, alafu wanajumlisha. PHQ-9 inaishia 27, GAD-7 inaishia 21, zote mbili ukifika 10 ni wakati wa mtu kukaa na wewe chini. Kuna tafsiri ya Kiswahili ya PHQ-9 iliyofanyiwa majaribio Kenya na Tanzania, kama Kiingereza cha hisia kinakupiga chenga omba hiyo, na mkalimani wa hospitali hapa Uingereza ni bure, usimpeleke mtoto wako wa miaka kumi akutafsirie mambo ya kutaka kufa jamani.

Kuhusu lugha kuna kitu kilinipata. Nilipokua na miaka 19 nilimwambia daktari nina mawazo. Kwa Kiswahili mtu akisikia hivo anavuta kiti. Mimi nikaligeuza neno kwa neno kwa Kiingereza changu cha wakati ule, daktari akatabasamu akasema vizuri, mawazo kuhusu nini? Nikasema basi hakuna kitu. Miaka mitatu ikapita hapo. Kwa hiyo ukienda usiseme una mawazo, taja mambo yenyewe: silali, nalia kwenye gari, sioni maana ya kuvuta nebulaiza, chakula hakipiti. Mambo hayo hayapotei kwenye tafsiri.

Mtego wa pili ni kwamba hizo fomu hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Zinauliza uchovu, hamu ya kula, usingizi, na mwenye CF anachoka sababu ya maambukizi na halali sababu ya kikohozi. Dawa yake usiache wazi, andika pembeni kwa kalamu, "silali, nakohoa" au "silali, kifua kiko sawa ila kichwa kinazunguka". Hayo ni mambo mawili tofauti na yana tiba mbili tofauti. Nesi wangu anasema yale maneno ya pembeni ndo anayosoma kwanza.

Na usidanganye. Mimi miaka mingi nilikua najaza sifuri mstari mzima kama mtoto anayenakili hesabu za jirani, naogopa nikiandika ukweli wataniona sistahili dawa mpya au kupandikizwa mapafu. Swali la tisa, lile la kufikiria ni bora ufe au ujiumize, hilo hasa watu huliruka. Ukilijibu kweli hawakufungi pingu, wanakuuliza maswali zaidi na wanataka kujua uko salama usiku huu, basi.

DAWA INAPOKUPA PUMZI NA KUKUNYIMA USINGIZI

Hapa ntakaa kidogo manake hakuna aliyenionya, na naona vijana wengi wanapita hapohapo.

Kaftrio, vidonge vinavyorekebisha kasoro yenyewe ya CF, iliruhusiwa Ulaya 2020 (Marekani wanaiita Trikafta, wao waliipata Oktoba 2019). Kwangu vidonge viwili vya rangi ya chungwa asubuhi na kimoja cha buluu jioni, vyote lazima viende na chakula chenye mafuta la sivyo haviingii mwilini vizuri, na hapo ndo Mswahili anashinda, mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, nani kama sisi. Siku ile ya kwanza nilikohoa makohozi ya miaka mpaka nikadhani natapika, usiku wake nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, nikamuamsha mke wangu asikilize kifua hakilii. Ile namba ya kupuliza, ya nguvu ya mapafu, ilipanda kutoka 51 mpaka 64 kwa mia. Familia nzima alhamdulillah, mama akachinja mbuzi.

Wiki ya tatu nikaacha kulala. Saa tisa usiku macho makavu, mchana ukungu kichwani, nasahau neno la kawaida kama "ufunguo", alafu hasira. Mke wangu aliweka kikombe pabaya nikampigia kelele kama amechoma nyumba. Na sikuweza kumwambia mtu, manake utaanzia wapi kulalamika wakati mbuzi wameshamla?

Nilikuja kusoma karatasi ya ndani ya boksi. Imeandikwa. Sonona imeripotiwa kwa baadhi ya watumiaji, hadi mawazo ya kujiua, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo na kwa watu waliokua na historia ya matatizo ya akili, na wengine walipata nafuu dozi ilipopunguzwa au dawa iliposimamishwa. Sio wote wala sio wengi, wengine akili zao zilipanda pamoja na mapafu. Ila inatokea na jambo hili lina njia.

Ukiwa unaanza dawa ya aina hii, au unabadilishwa kwenda ile mpya ya mara moja kwa siku, fanya hivi. Jaza zile fomu mbili kabla ya kidonge cha kwanza ili uwe na namba ya kulinganisha. Waambie mapema kama uliwahi kuugua sonona hata kama ni zamani. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, mpe ruhusa kabisa, mwambie ukiniona nimebadilika niambie na nikikubishia piga simu kliniki mwenyewe. Andika masaa ya kulala kwenye simu kila asubuhi, namba tu, usiandike insha, mimi daktari aliamini ile orodha ya 4, 3, 5, 3 kuliko hadithi yangu yote.

Mambo yakianza kwenda kombo piga simu wiki hiyohiyo usingoje miadi. Wana vitu vya kufanya, kubadilisha saa za dozi, kupunguza, kuongeza dawa ya sonona, kukuunganisha na mwanasaikolojia wa timu. Mimi walinigeuzia mpangilio wa asubuhi na jioni na usingizi ukarudi taratibu, mwengine itakua kitu chengine. Ila usiache mwenyewe kimyakimya, ukiacha ghafla kifua kinaweza kurudi vibaya sana, na usijipunguzie kwa kusoma ushauri wa mtu kama mimi.

Na usijinunulie ile mitishamba ya duka la vitamini inayoitwa St John's wort, wanaiuza kama dawa ya huzuni. Inaifanya ini ichome dawa yako ya CF haraka mpaka inabaki haina nguvu. Balungi nalo linafanya kinyume, linaijaza dawa mwilini, liache. Ukipewa dawa ya sonona ya hospitali, zile ambazo mwongozo unazitaja ni citalopram, escitalopram, sertraline na fluoxetine, mfamasia wa CF aangalie orodha yako yote, hasa kama unameza antibiotiki ya azithromycin ya muda mrefu, hiyo na citalopram zote zinagusa mapigo ya moyo na wanaweza kutaka kukupima moyo kwanza. Ukiwa na linezolid, antibiotiki nyengine, vilevile sema. Sonona ikiwa ndogo au ya kati si lazima vidonge, tiba ya mazungumzo inafanya kazi, na kama uko England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies bila kupitia daktari wa mtaa. Ila mwanasaikolojia wa timu ya CF ni bora kama mnaye, hutumii kikao kizima kumueleza CF ni nini.

Kuna nusu nyengine ya hii habari ambayo haina kidonge. Mimi sikupanga kuzeeka. Nilikua sijaweka senti ya pensheni, nilikataa kusoma digrii manake ya nini. Ghafla unaambiwa wanaozaliwa sasa na CF hapa Uingereza wanatarajiwa kupita miaka 50, na wewe una kichwa cha mtu anayemaliza safari na mwili wa mtu anayeanza. Alafu rafiki yangu wa wodi ya watoto alifariki miezi minane kabla dawa haijafika. Kuna wengine mpaka leo jeni zao haziitikii, na kwenye hao Waafrika na Waasia ni wengi kuliko hesabu yetu. Ukijiona na hatia ya kupona usiione ni wazimu, ipeleke kwenye mazungumzo kwa jina hilohilo. Kilichonisaidia ni kupanga kitu kimoja cha miaka mitano, kimoja tu. Nilianza kuchukua leseni ya kuendesha malori.

UPWEKE WETU UNA SHERIA ZAKE

Mtu wa kisukari akitaka kukaa na wenzake wanakutana wanakunywa chai. Sisi tumekatazwa, tunaambukizana vidudu vya mapafu kama Pseudomonas na Burkholderia, inatakiwa kila mmoja akae angalau mita 2 kutoka kwa mwenzake, na hospitali nyingi hata kwenye korido hawataki tupishane. Ni miaka 24 tangu nipimwe ugonjwa huu na sijawahi kumkumbatia mtu mwenye CF mkubwa mwenzangu.

Kwa hiyo tafuta sauti. Uliza timu yako kuhusu vikundi vya mtandaoni vya watu wazima, ingia hata kama hutoongea mwezi mzima. Sisi tuko wanne, tunatumiana voisi WhatsApp tukiwa kwenye nebulaiza, unasikia mashine inanguruma nyuma na mtu anasimulia bosi wake, na wallahi ndo dakika ishirini zangu nzuri za siku. Ila weka mpaka, kikundi kikianza kua tanzia kila wiki nyamazisha siku mbili tatu, hakuna atakayekushtaki.

NYUMBANI

Utaulizwa kama umepona. Mama aliniuliza, "Si umeshapona wewe? Mbona bado wameza madude?" Nikatafuta jibu fupi na sai nalitumia kwa kila mtu, "Sijapona mama, nimepata nafuu, na nafuu ina gharama zake." Tayarisha lako la sentensi moja, la shangazi wa harusini na la mfanyakazi mwenzako, ili usijikute unatoa mhadhara wa jeni mbele ya biriani. Kikohozi kwenye basi sijibu chochote, nageuka dirishani.

La watoto ni zito kwa wanaume na hatulisemi. Karibu wanaume wote wenye CF, kama 98 kwa mia, mirija ya kupitisha mbegu haikuumbika. Mbegu zipo na nguvu za kiume zipo, njia ndo hakuna. Kwetu mkikaa miaka miwili bila mtoto anaulizwa mke, anapelekewa dawa mke, anaombewa mke. Mke wangu alibeba ile aibu isiyo yake kwa sababu mimi nilikua siwezi kufungua mdomo. Fanya mapema kuliko nilivofanya mimi, mwambie mchumba kabla ya ndoa, omba rufaa ya wataalamu wa uzazi, mbegu huchukuliwa kwa upasuaji mdogo na mimba ikatungwa maabara, na mke apimwe kwanza kama naye amebeba jeni manake akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu kupata CF. Alafu amueni wawili nani wa ukoo aambiwe na aambiwe nini. Siku niliyomwambia mama mkwe mwenyewe ilikua mbaya, dakika kumi mbaya, baada ya hapo dawa za kienyeji zikakoma kuja. Kwa dada zangu wenye CF mambo ni kinyume, wakianza hizi dawa mpya mimba inashika bila kutarajiwa, ongeeni na timu mapema.

Ramadhani nayo inauma. Mimi sifungi, chumvi na maji yanatoka haraka, utumbo unaziba, na vidonge vinataka mafuta kwa saa zake. Natoa fidia. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imeshamtaja mgonjwa, lakini kula mwenyewe jikoni mchana kunakutenga. Nikajipa kazi ya kupika futari, nikawa ndani ya mwezi bila kua ndani ya funga.

MATIBABU YANAKULA SIKU

Nebulaiza, fizio ya kutoa makohozi, enzaimu za kusaga chakula kila mlo, wengine na insulini juu, inafika karibu masaa mawili kila siku. Usiruke kwa siri alafu uishi na hatia, hiyo hatia ni mbaya kuliko kuruka kwenyewe. Nenda useme "nafanya nusu, tuchague nusu ipi". Mara nyingi wanapunguza kweli, hasa ukiwa kwenye dawa mpya.

Pesa kwa ufupi. England CF haiko kwenye orodha ya magonjwa ya dawa bure, orodha ni ya 1968 enzi hizo wengi wenye CF hawakua wanafika utu uzima, kwa hiyo unalipa pauni 9.90 kila dawa isipokua kama una kisukari cha kutumia dawa. Nunua kadi ya mwaka ya pauni 114.50, hata kwa miezi inagawanywa. Omba PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Kazini sheria ya usawa ya 2010 inakulinda, omba shifti ya kuanza saa nne kwa maandishi.

USIKU MBAYA

Ukikosa pumzi ghafla usiku ni vigumu kujua ni kifua au ni hofu. Mimi nakaa kitako, miguu chini, natoa pumzi polepole kwa midomo ya kupuliza chai, kutoa kurefu kuliko kuvuta, dakika tano. Ikiwa hofu inalegea. Isipolegea, au midomo inabadilika rangi, au kifua kinachoma upande mmoja, piga 999. Ukikohoa damu mara ya kwanza, au inayozidi kijiko cha chai, pigia timu saa hiyohiyo, na ikiwa nyingi haikatiki 999. Hiyo sio hofu yako.

Kichwa kikianza kusema ufe, Uingereza piga 111 chagua 2, au Samaritans 116 123, usiku na mchana na bure, Marekani ni 988. Weka hizo namba kwenye simu leo ukiwa mzima, juu kabisa, mimi nimeziandika "Mjomba" ili mtu akichungulia asiulize.

Kliniki yangu ni Alhamisi. Kwenye simu nimeandika matatu: usingizi masaa 6 wastani, GAD-7 yangu 8 kutoka 13, na mke wangu anataka kuingia kwenye kikao ana maswali yake mwenyewe, hajaniambia ni yapi.